Ngolo ya Mwisho ya Hildegardi

Bavaria, Ujerumani
9 Novemba 1994

Shangazi yangu Kunigunda,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha unisalimie wote wa Ukata: baba na mama, Paroko, Mwalimu Othmar na kwaya yake, na akina mama wa jumuiya zote. Mimi ni mzima. Baridi imeingia, na jua la huku linazama saa kumi jioni kama limefukuzwa. Sweta uliyonifumia naivaa ndani ya koti, na koti lenyewe ndani ya koti jingine. Nikipita mtaani watu wanadhani nimenenepa.

Mama aliniandikia kwamba wajomba wa Mbamba Bay, kule ziwani, walipandisha samaki wakati wa mavuno. Niliisoma barua ile nikiwa nakula kabichi ya kuchachushwa. Sitasema zaidi.

Sasa nikuambie ninachotaka, maana najua umekwisha kuiruka mistari ya juu ukikitafuta. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya uzamili. Ili nipewe shahada ya muziki wa kanisa ni lazima nitunge Misa nzima, iimbwe mbele ya walimu, nami niitetee. Nataka Misa yangu isimame juu ya wimbo wa ngolo, ule mnaouimba mwezi wa Machi mkichimba mashimo yale ya ngolo kwenye mteremko, wanaume wakishafyeka na kuyalaza majani miraba miraba, nanyi mkiyafukia kwa udongo wa katikati. Unakumbuka nilivyokuwa nakufuata nyuma na kijembe changu chenye mpini uliokatwa?

Nimejaribu kuuandika kwa kumbukumbu, nimeshindwa. Naimba sehemu yako, lakini hakuna wa kunijibu kutoka ngolo ya pili, na hakuna majembe ya kushika mwendo. Wimbo ule haumtaki mtu mmoja. Naomba mnirekodie kwenye kanda, mkiuimba kama mnavyouimba kazini, jembe likigonga na mtu akikohoa, yote yamo.

Na shamba langu je, linaendeleaje? Wanafunzi wenzangu hawaamini nikiwaambia kwamba parokia imelima mteremko mzima nyuma ya kanisa, ikaupa jina langu, ili maharage yake yanisomeshe. Mmoja aliniuliza kama mimi ni binti wa chifu. Nikamwambia ndiyo, machifu wangu ni wengi na wote wana sugu mikononi.

Mwanao,
Hildegardi


Ukata, Mbinga
4 Januari 1995

Mwanangu Hildegardi,

Milele amina, na marahaba. Sisi hatujambo. Noeli ilikuwa nzuri mno mwaka huu, na sababu ni kahawa. Mwanangu, ungeiona Mbinga usingeijua! Zamani tulipeleka kahawa chama cha ushirika tukangoja malipo mpaka miche mipya ikazaa. Sasa serikali imefungua mlango, wanunuzi binafsi wanakuja na malori mpaka kwenye mlango wa jiko, mkono huu kahawa na mkono huu hela. Nyumba za bati zimeota kila kilima. Baba yako kanunua baiskeli, na kwa kuwa hajui kuipanda, anaikokota kwenda nayo kanisani na kurudi nayo.

Mama yako mzima. Goti langu bado ni lile lile.

Barua yako ilisomwa kanisani baada ya matangazo. Waliposikia kwamba maprofesa wa Ujerumani wataisikiliza sauti ya Ukata, watu walipiga vigelegele mpaka Paroko akakaa chini. Mwalimu Othmar hakulala. Alifundisha kwaya wiki nzima. Tukamwendea Mzee Masoudi, yule mwenye duka pale Mbinga mjini ambaye babu yake alitoka Kilwa. Akafunga duka, akaja mwenyewe na redio yake kubwa ya kurekodia na betri mpya. Alisema, "Mimi ni Mwislamu, ndani ya kanisa nitakaa karibu na mlango, lakini mtoto ni wetu sote." Tukarekodi. Kwaya nzima ilivaa kanzu nyeupe na mishipi ya bluu, zilizopigwa pasi siku ile ile.

Sista mmoja wa misioni anasafiri kwenda huko, kanda nimempa mkononi. Ukiisikia utalia. Mwalimu Othmar anasema baada ya hiyo hawatakuuliza swali hata moja.

Pia nakutumia mchango wa jumuiya, wa kahawa. Vaa viatu vizito.

Shangazi yako,
Kunigunda


Bavaria
11 Februari 1995

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na baba bado hajaanguka na baiskeli. Mchango umefika, nimenunua viatu, mbele ya Mungu nawashukuru.

Kanda imefika pia. Nililia, kama ulivyosema. Nililia kwa sababu ya sauti zenu, nikamtambua kila mmoja, hata Bibi Walburga anayemaliza kila ubeti akiwa nyuma ya wenzake. Lakini Shangazi, mmeniimbia wimbo wa Kijerumani! Ni ule waliotufundisha wamisionari, kwa sauti nne, bila kosa. Nilimpelekea profesa wangu, mzee mpole. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema kwaya ya kijijini kwao huuimba wimbo huo kila mwaka, ila nyinyi mnauimba vizuri zaidi. Kisha akaniuliza, "Na wa kwenu uko wapi?"

Halafu mmevaa kanzu nyeupe ili kurekodi sauti. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nitasema jambo ambalo sikusema Novemba. Misa yangu ya kwanza niliitunga mwaka jana, na walimu waliikataa. Walisema imeandikwa kwa ufundi, lakini yeyote wa hapa angeweza kuiandika. Nilikaa siku nyingi bila kugusa kinanda. Sikutaka mjue, kwa sababu mlikuwa mnanitangaza kanisani. Hii ni nafasi yangu ya mwisho. Mwezi wa Mei nisipokuwa na wimbo mkononi, nitarudi nyumbani bila shahada, na sijui nitaupitaje mteremko ule.

Kwa hiyo nakuuliza wewe na si Mwalimu Othmar: kwa nini hamkuuimba wimbo wa ngolo? Nilikuuliza pia habari za shamba langu, ukanijibu habari za baiskeli. Shangazi, hujawahi kuruka swali langu.

Hildegardi


Ukata
5 Machi 1995

Hildegardi,

Marahaba. Wote wazima.

Umeniuliza, nakujibu. Wimbo haukuimbwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kweli, Othmar alisema wimbo wa majembe utakuaibisha mbele ya wasomi, na sisi wote tukamkubali, mimi nikiwa wa kwanza. Mtu akienda ugenini hufungiwa nguo yake nzuri.

Ya pili ndiyo iliyonikaba. Hatuuimbi tena, mwanangu. Ni mwaka wa pili huu hatujachimba pamoja. Tangu hela za kahawa zianze kuja hivi, kila mwenye shamba anaita vibarua kutoka mbali, wanachimba kimya, wanalipwa, wanaondoka. Hakuna anayemwalika mwenzake, hakuna pombe ya kazi, hakuna chungu kimoja cha chakula. Shamba lako nyuma ya kanisa ni pori. Tulikutumia hela za kahawa kwa sababu zilikuwa rahisi, hata jasho halikututoka. Mimi nilipita pale kila Jumapili nikitazama upande wa pili.

Nilikuwa nakuonea haya. Wewe unawaambia Wajerumani kwamba tuna sugu mikononi.

Sasa usinijibu. Nyamaza uone.

Kunigunda


Ukata
29 Machi 1995

Mwanangu mpenzi Hildegardi,

Tumsifu Yesu Kristo! Kaa chini kabla ya kusoma. Baba yako na mama yako wazima, wanakusalimu. Nami nimechoka uchovu mzuri, sijauonja muda mrefu.

Nilipotuma ile barua ya hasira nilikwenda moja kwa moja kwa wazee. Nikawakuta kila mmoja nyumbani kwake chini ya bati lake. Nikawaambia, "Zamani mlikaa sengu, mkala ugali pamoja, ndipo mkaamua mambo ya ukoo. Siku hizi mnaamua nini, mkila kila mtu peke yake?" Wakaniambia nina mdomo. Nikasema ninao, na una kazi. Jioni ile wakakaa sengu nyumbani kwa baba yako, ugali na maharage kwenye sinia moja. Nikawasomea barua yako yote, na ile sehemu ya kukataliwa Misa. Nisamehe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe ulikuwa umekaa na kidole chako kimoja huko baridini.

Hakuna aliyesema umetuaibisha. Mzee Bernadi, babu yako mdogo, aliramba vidole sinia lilipoisha, akasema, "Kumbe wanataka kile ambacho sisi tumekiacha." Wakaamua wanaume wafyeke wiki hiyo, wanawake tuchimbe Jumamosi inayofuata, na atakayeleta kibarua badala yake akachimbe kwake.

Mwalimu Othmar alikuja kwangu akiwa amenuna. Alisema ni Kwaresima, na wimbo ule una utani mwingi. Tukaenda kwa Paroko. Paroko akasema kulima si anasa, na kama utani ni dhambi basi yeye hajawahi kuona jumuiya takatifu. Othmar alifyeka majani siku nzima akiwa na miwani yake.

Jumamosi, mwanangu! Walikuja hata wale wenye bati jipya. Wajomba zako walipanda kutoka Mbamba Bay na samaki mbasa wa kukaushwa kwa ajili ya mboga, na wake zao wakashuka kwenye mteremko na majembe ingawa watu wa ziwani wamezoea mihogo kwenye mchanga. Mzee Masoudi akaja na redio yake tena. Safari hii hapakuwa na mlango wa kukaa karibu nao, kwa hiyo alikaa katikati ya shamba kwenye kigoda, ameishika redio juu ya magoti, udongo ukimrukia kofia. Nikamwambia asogee. Akasema, "Shangazi, nikisogea jembe halitasikika."

Nikaanzisha. Mwanzoni hawakunijibu. Wasichana hawaujui, na wakubwa walikuwa na haya. Niliimba peke yangu kama wewe chumbani kwako, na niliogopa, nakwambia kweli. Kisha nikasikia upande wa juu Bibi Walburga ananijibu, amechelewa kama kawaida yake. Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichofungua koo zao. Majembe yakashika mwendo, na mteremko mzima ukawa unaongea.

Nimeongeza beti zangu. Mmoja ni wa Othmar na miwani yake. Mwingine ni wa profesa wako, unamwambia kama anataka kuujua wimbo aje ashike mpini. Utatafsiri wewe ukiona inafaa.

Kanda anakuja nayo padre anayepita huko kwa matibabu. Hakuna aliyevaa kanzu.

Shangazi yako mwenye malengelenge,
Kunigunda


Bavaria
14 Julai 1995

Shangazi yangu, na machifu wangu wote,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni. Naandika kwa haraka, mkinikuta nimekosea maneno mnivumilie.

Nimefaulu.

Shahada ya uzamili ya muziki wa kanisa, na kwa alama ambayo profesa anasema hawaitoi kila mwaka. Ameniambia nisijivune. Nimemwambia hiyo ni ngumu, yeye hajawaona watu waliotoa jasho.

Niwasimulie. Nilipoipata kanda niliisikiliza mpaka jirani akaanza kuuimba wimbo akiwa bafuni. Nikaandika usiku na mchana. Katika Misa yangu mwongoza kwaya hasimami mbele ya kwaya iliyopangwa safu. Waimbaji nimewatawanya kanisani kote, wengine juu kwenye kinanda, wengine nyuma, wengine kando ya nguzo, wanajibizana kama mnavyojibizana kutoka ngolo hadi ngolo. Kwenye "Bwana utuhurumie" anaanza mmoja peke yake na hajibiwi. Kanisa lote linangoja. Kisha kutoka juu anajibu mmoja, amechelewa. Mwambieni Bibi Walburga kwamba kuchelewa kwake kumeandikwa kwenye noti, na Wajerumani walifanya mazoezi wiki nzima ili kuchelewa vile.

Kabla ya Misa niliwachezea walimu kanda yenu. Profesa aliuliza ni nani anayeanzisha. Nikasema ni shangazi yangu. Akauliza amesomea wapi. Nikasema amesoma kwa masista, na muziki amesomea mgongoni kwa bibi yangu. Ubeti unaomhusu profesa niliutafsiri. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniomba nimwonyeshe jembe linashikwaje.

Nilipokuwa nasikiliza Misa inaimbwa niliwafikiria wote. Nilijivuna, Shangazi. Nilijivuna mbele ya wote, na sikuona haya.

Nina swali moja. Wimbo kwenye kanda haukumalizika. Mnaimba, mnaimba, kisha kimya, na Mzee Masoudi anasikika akisema "Mbona?" Walimu walidhani kanda imekwisha. Mimi najua haikwisha. Ubeti wa kufungia shamba haumo. Kwa hiyo hata Misa yangu nimeiacha bila mwisho, sauti inaanza na hakuna anayeijibu, na walimu wameisifu sana sehemu hiyo. Lakini kwa nini, Shangazi?

Walimu wana maneno mengine nami, nitakuandikia nikiyapata kamili. Hapa ni kiangazi, kuna joto, na kinanda cha kanisa kuu nimeruhusiwa kukipiga kila asubuhi.

Mwenu,
Hildegardi


Ukata
20 Agosti 1995

Mwanangu, msomi wetu,

Milele amina, na marahaba kubwa kuliko zote nilizowahi kukupa.

Barua yako ilisomwa leo kanisani. Paroko alipofika pale pa habari yenyewe akasema "Hildegardi amefaulu," na kutoka nyuma Mzee Bernadi akapaaza sauti, "Tumefaulu!" Watu wakalirudia neno hilo mpaka Paroko naye akalirudia. Baba yako alitoka nje akaikumbatia baiskeli yake akilia. Mama yako alicheza toka mlangoni mpaka barabarani. Bibi Walburga hasemi na mtu tangu asubuhi, kazi yake ni kuchelewa kwa makusudi. Na Mwalimu Othmar alinijia taratibu akaniuliza kama kwenye Misa yako kuna nafasi ya wimbo wa Kijerumani hata mmoja. Nimemwambia nitakuuliza. Mtafutie, ni mtu mwema.

Mzee Masoudi ametundika dukani tangazo kwamba redio iliyorekodi shahada haiuzwi.

Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Wewe umecheza ugenini kwa wimbo wa kwenu, na umetunzwa. Nilipokuwa msichana masista walinifundisha kusoma na kuandika, kisha nikaolewa, basi. Leo nimesikia kwamba profesa anauliza mimi nimesomea wapi. Nikifa kesho andikeni hilo kwenye msalaba.

Sasa swali lako. Barua yako ina kurasa nne, nimezisoma mbele na nyuma, na sikuona popote tarehe ya kurudi. Nimeona kinanda cha kanisa kuu na maneno mengine ya walimu. Mimi nina mdomo, lakini macho pia ninayo. Nadhani wanataka ubaki. Sikulaumu, hata mimi ningekutaka.

Lakini unajua mila. Ubeti wa kufungia huimbwa na mwenye shamba mwenyewe, akichimba ngolo ya mwisho. Miaka ile tuliyokuwa tukichimba nilikuimbia mimi kwa niaba yako, kwa kuwa ulikuwa shule. Mwaka huu nilikataa. Tulichimba mteremko wote, tukafika kwenye mraba wa mwisho, ule wa pembeni karibu na mfereji wa maji, nikawaambia wote waweke majembe chini. Masoudi alishangaa, ndiyo ile "Mbona?" yake. Niliogopa, Hildegardi. Niliona kwamba nikiufunga wimbo nitakuwa nimekufungia na wewe nje. Maharage ya ngolo zote tumeyavuna, yamejaa magunia. Mraba ule mmoja bado una majani yaliyolazwa, na juu yake hakuna udongo. Watu wakitoka kanisani wanauzunguka, hata watoto hawaukanyagi.

Na jambo jingine. Watu wameanza kualikana tena. Wiki ijayo wanachuma kahawa kwa Mzee Bernadi, kila mtu na kikapu chake, na Jumamosi kwa mama yako. Nyumba za bati zipo na chungu kimoja kimerudi. Hilo umelifanya wewe kwa kuomba kanda.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe si mgeni, lako utalikuta siku ya kwanza. Ukitaka kubaki huko, niambie waziwazi, nitakwenda nikauchimbe mraba ule mwenyewe na kuufunga wimbo, na bado nitajivunia wewe mpaka kaburini. Ukitaka kuja, usimwache Bibi Walburga akingoja sana. Yeye ndiye wa kukujibu.

Shangazi yako,
Kunigunda


Simu ya maandishi, iliyopokelewa Posta ya Mbinga
12 Septemba 1995

KUNIGUNDA UKATA. SHANGAZI USIUFUNGE WIMBO. NAFIKA DESEMBA NA SHAHADA YENU. NOA JEMBE LANGU. HILDEGARDI.